Kampala nayo ichorewe ramani ya usafiri

Mhariri,

Juzi niliteremka Old Taxi Park, kituo kikubwa cha teksi (mabasi madogo ya abiria) hapa Kampala, na mgeni wangu kutoka Tanga. Akaniuliza, "Teksi za Ntinda ziko upande gani?" Mimi mkazi wa miaka mingi nikabaki kugeuza shingo huku na huku, mpaka kondakta mmoja akatuonea huruma.

Nikakumbuka reli ya chini ya ardhi ya London. Ina vituo 272 na njia 11, lakini mgeni haulizi mtu, kwa kuwa kwenye ramani kila njia ina rangi yake. Njia ya Central ni nyekundu, Victoria ni samawati, Circle ni manjano. Mwaka 1931 mchoraji Harry Beck, alipoichora ramani hiyo, aliacha kufuata umbali halisi. Alinyoosha njia kama nyaya za umeme, akaonyesha tu kituo gani kinafuata na wapi unabadilisha treni. Ramani yake ilitolewa kwa abiria mwaka 1933, na hadi leo inafuata mtindo huo. (Mwaka huohuo wa 1931 ndipo reli ilipofika Kampala yetu!)

Sidai tuchimbe mahandaki. Hata hao wa London, zaidi ya nusu ya njia zao ziko juu ya ardhi. Naomba rangi na ubao tu. Njia ya Jinja Road, kupitia Nakawa, Kireka hadi Bweyogerere, ipewe rangi yake. Ya Entebbe yake. Treni ya Namanve nayo ionyeshwe inapokutana na teksi. Wachoraji wa mabango wamejaa Nasser Road, mtaa wetu wa wachapaji, kazi hii wataimaliza kwa wiki.

Abiria wa kila siku,
Kireka