Rungwe ni mita 2,960 tu, mbona inachukua siku nzima?

Swali hili hutufikia sisi waongozaji wa Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, mara kwa mara, hasa likizo ya Juni inapokaribia. Mteja ameangalia kwenye simu, ameona Kilimanjaro ni mita 5,895 na Rungwe haifiki hata 3,000, akapiga hesabu yake: kama Kili ni siku sita, huu ni mlima wa asubuhi moja, saa nane mchana tuko Tukuyu tunakula. Wengine hutaka Rungwe asubuhi na Ziwa Ngozi jioni, kwa kuwa kwenye ramani vimekaa jirani. Hesabu hiyo tunaielewa, ila hatuikubali hata mtu akiongeza hela, na tungependa ujue sababu kabla hujalipa.

Urefu wa mlima kutoka usawa wa bahari hauiambii miguu yako chochote. Cha kuuliza ni unaanzia wapi, na siku hiyohiyo unapanda mita ngapi. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huanzia getini, kwenye mita 1,800 na kitu, na siku ya kwanza huishia kibanda cha Mandara, mita 2,700 hivi. Akifika anavua viatu, anapewa chai, analala. Rungwe haina kibanda cha kukupokea. Ukianzia upande wa Sekondari ya Rungwe unapanda zaidi ya mita 1,000, unapiga picha kileleni, unageuka na kuzishuka zote kabla giza halijaingia. Kwa mtu mwenye afya njema, kwenda na kurudi ni mwendo wa saa kumi. Wapo wanaotumia pungufu, lakini hao wengi ni vijana waliozaliwa hukuhuku.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Rungwe ni volkano, na takriban miaka 4,000 iliyopita ililipuka mlipuko mkubwa uliomwaga majivu na mawe mepesi eneo zima. Mawe hayo utayaona bila hata kupanda: simama mahali barabara ilipokata kilima karibu na Isongole, utaona tabaka la vijiwe vya rangi ya maziwa yaliyochacha, vimejaa vitundu. Okota kimoja ukitie kwenye kikombe cha maji, kitaelea. Juu ya tabaka hizo umejengeka udongo mweusi wenye rutuba ya ajabu, ndiyo maana huku chai, ndizi na viazi vinastawi hivi. Lakini udongo huohuo ukiloa ni sabuni. Kwenye mteremko wa msituni, ambako jua haligusi njia na majani yamelala juu ya tope, mguu unaondoka kabla hujajua umeukanyagia wapi. Wanaoumia kwetu huumia wakati wa kushuka, mchana, wakiwa wamechoka na wameanza kuzungumzia chakula.

Na huku kuloa ni jambo la kawaida. Miteremko ya kusini mashariki mwa Rungwe, ile inayoelekea Ziwa Nyasa, hupata mvua hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Upepo unatoka ziwani na unyevu wake, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Miezi tunayoipendekeza ni kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Oktoba, na hata hapo Juni na Julai zina baridi kali inayowashangaza watu wa Dar es Salaam na Zanzibar. Ukungu nao haujali msimu. Unaweza kutoka chini mbingu zikiwa safi kabisa, ukifika kwenye ukanda wa mianzi humuoni mwenzako aliye hatua kumi mbele.

Kwa hiyo tunaondoka saa 12 asubuhi, na tuna saa ya kugeuka: ikifika saa 7 mchana hatujafika kileleni, tunageuka. Mwongozaji ndiye mwenye kauli ya mwisho hapo. Kuna wateja waliotununia kwa hilo wakiwa wamebakiza kipande kidogo tu, na tunawaelewa, wametoka mbali. Lakini saa moja ya kubembelezana juu ndiyo saa moja ya kushuka gizani kwenye mizizi na tope.

Ngozi tunaizungumzia peke yake kwa sababu ndiyo tunayomshauri karibu kila mgeni aanze nayo. Ni mlima wa mita 2,620 ambao kilele chake kiliporomoka ndani na kuacha shimo kubwa, na shimo hilo limejaa ziwa. Ziwa Ngozi linahesabiwa kuwa la pili kwa ukubwa kati ya maziwa ya kreta barani Afrika. Halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Gari au bodaboda hukufikisha karibu na msitu, kisha unatembea kwa saa moja au moja na nusu. Kipande cha mwisho kimesimama sana. Unashika mizizi, unapumzika, unashika tena, na ghafla msitu unakatika mbele yako: chini kabisa kuna maji ya kijani yaliyotulia, yamezungushiwa kuta zenye miti hadi ukingoni. Watu waliokuwa wanabishana njiani hunyamaza. Tunaishia hapo juu. Kushuka hadi majini tunafanya kwa nadra, kipindi cha kiangazi tu, na kwa mtu tuliyekwisha kumuona anatembea.

Wageni wengi huandika kwamba wanataka kupanda "volkano mfu". Kwa upande wa Rungwe, neno linalofaa ni volkano zilizolala. Mlipuko mkubwa wa mwisho wa Ngozi una umri usiofika miaka 1,000. Kyejo, iliyo kusini mashariki mwa Rungwe, ilimwaga lava takriban mwaka 1800. Eneo letu limekaa pale ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana, la Rukwa, la Usangu na la Ziwa Nyasa, na joto bado liko chini: kuna chemchemi za maji moto, na upande wa Kyejo kaboni dioksaidi inatoka ardhini kwa wingi kiasi kwamba inavunwa kibiashara. Hili lisikuogopeshe kupanda. Linatubana kwa jambo moja tu, nalo tunalisimamia kwa ukali: hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye vibonde na mashimo, haina rangi wala harufu. Ukimuona ndege au wadudu wamekufa kibondeni, usiingie, usiiname kuokota, usimpeleke mtoto kupigwa picha.

Anayetaka mlima usio wa volkano kabisa, Kilele cha Mbeya kipo, zaidi ya mita 2,800, miamba ya kale zaidi na nyasi wazi badala ya msitu. Huko jua ndilo la kuhofia kuliko tope. Tunakipenda kwa familia zenye vijana wa sekondari.

Vifaa. Raba za mjini zenye soli laini hatuzipokei Rungwe. Gambuti za shambani zenye meno tunazipokea, na kwa kweli mara nyingi zinavishinda viatu vya bei. Lete koti la mvua, sweta, suruali isiyo ya jinzi kwa kuwa jinzi ikiloa haikauki, maji lita tatu na chakula cha kushiba. Fimbo tunakupa sisi. Kiingilio cha hifadhi ni juu yako na kinalipwa serikalini kwa namba ya malipo, si mkononi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wetu.

Msitu wa Rungwe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na una mnyama ambaye dunia ya sayansi haikumjua hadi 2003: kipunji, nyani mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kilichosimama kichwani. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, na ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika kutajwa tangu 1923. Wenyeji, na hasa wawindaji, walikuwa wakimjua kwa jina hilohilo tangu zamani. Anaishi huku Rungwe na Kitulo, na sehemu nyingine moja tu katika milima ya Udzungwa, na yuko hatarini kutoweka. Hatukuahidi kumuona. Tunaomba spika ya muziki ibaki kwenye gari, maganda na chupa zirudi na aliyezibeba, na mtu asikate mwanzi ili kupata fimbo, kwa sababu fimbo tumeshakuletea.

Sasa suala la fedha, maana ndiko mazungumzo huishia. Tukigeuka kwa ajili ya ukungu au mvua, kiingilio hatuwezi kukurudishia, kiko serikalini tayari. Ada yetu ya uongozaji siku ya pili unalipa nusu, mradi urudi ndani ya wiki hiyo. Ndiyo maana tunakushauri usipange Rungwe kwenye siku yako ya mwisho huku basi la Dar likikusubiri Uyole. Panga siku tatu: ya kwanza Ngozi, mwongozaji akuone unavyotembea, ya pili Rungwe, ya tatu iachwe wazi. Hali ya hewa ikikubali mapema, siku hiyo ya tatu tunashuka wote Kiwira kuliona Daraja la Mungu, ambako lava iliyopoa imejenga daraja juu ya mto bila fundi. Ukituandikia, tuambie umri wa kila mmoja, kama kuna mwenye pumu, presha au goti lililowahi kuumia, na mara ya mwisho mlitembea saa nyingi lini. Hayo tukiyajua mapema, tunajua pia ni waongozaji wangapi wa kuwaandaa.