Kabla hujaipumzisha bangi, kaka

Kaka yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana jambo lenyewe umelichomeka katikati ya habari za kazi na watoto kana kwamba halina uzito: kwamba msokoto mmoja siku hizi haukufanyi kitu, wa pili unakurudisha tu katika hali ya kawaida, na ile stimu ya zamani huioni tena hata uvute usiku kucha. Unataka kupumzika kidogo, mwili ukae sawa, kisha uendelee. Unauliza upumzike muda gani.

Wiki nne. Nakujibu haraka kwa sababu hilo ndilo swali jepesi.

Najua kijiweni watakuambia siku mbili tatu zinatosha, na hawajakosea kabisa. Kinacholewesha kwenye bangi ni THC, kemikali ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. Ikifika kwenye ubongo inajishikiza kwenye vipokezi vinavyoitwa CB1, ambavyo kwa kawaida hutumiwa na kemikali za mwili wenyewe. Ukivishambulia kila siku, ubongo unajihami: unavipunguza, na vilivyobaki vinakuwa vizito kuitika. Hapo ndipo ulipo wewe sasa. Mwaka 2012 watafiti walitoa matokeo ya picha za ubongo za watu waliokuwa wakivuta kila siku, wakakuta vipokezi hivyo vimepungua kwa karibu asilimia 20 kwenye tabaka la nje la ubongo. Baada ya kama wiki nne bila kuvuta, karibu kila sehemu ilikuwa imerudi kawaida. Utafiti mwingine wa mwaka 2016 ukaonyesha kwamba vipokezi huanza kurudi ndani ya siku mbili tu. Kwa hiyo wa kijiweni wameuona mwanzo wa kazi, wakadhani ndio mwisho wake.

(Na kama kinachokusukuma hasa ni kipimo cha mkojo cha kazini, sema tu. Hiyo ni hesabu nyingine. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili, na kwa mvutaji wa kila siku kama wewe inaweza kuonekana kwenye mkojo hata baada ya mwezi mzima, hata kama kichwani kulishakuwa kweupe zamani.)

Sasa nije kwenye lile ambalo hukuuliza. Wiki ya kwanza, wakati mwili umeshaanza kujitengeneza, ndiyo wiki utakayojiona hovyo kuliko zote. Hapo ndipo wengi hurudi, wakiamini wamegundua kwamba bila bangi wao hawakamiliki. Ni alosto hiyo, basi, mwili unadai ulichouzoesha. Wapo wanaoapa kwamba bangi haina alosto. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza kwenye mwongozo wake wa magonjwa mwaka 2013. Huanza siku moja au mbili baada ya kuacha, hupamba moto ndani ya wiki hiyohiyo, na kwa walio wengi huisha wiki ya pili au ya tatu. Hasira za karibu, wasiwasi, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu, chakula hakipiti.

Mimi kilichonitesa ni usiku. Nilikuwa naamka fulana imelowa chapachapa, nabadilisha, nalala tena, naota. Na ndoto zenyewe! Bangi huibana ile sehemu ya usingizi inayobeba ndoto nyingi. Ukiiacha, ubongo unadai deni lake lote. Niliota nafanya mtihani wa hesabu, msimamizi ni marehemu bibi, ananinyang'anya kalamu na kuniambia nimeshachelewa. Usiku mwingine niliota navuta, nikaamka nimejawa na hatia kwa kitu ambacho sikukifanya. Ndoto hizi ndizo hukawia kuondoka, zinaweza kuendelea hata wakati mengine yote yametulia. Ukizitarajia hazitakutisha.

Halafu kuna suala la tumbaku, na hili nataka ulitafakari kabla hujaanza. Wewe husokoti bangi peke yake, unachanganya. Maana yake siku utakayoacha, utakuwa umeacha vitu viwili kwa mpigo, na nikotini ina alosto yake, tena kali. Watu wengi huilaumu bangi kwa hasira ambazo sehemu yake ni sigara inayodai. Wengine hujifariji kwa kuvuta sigara zaidi, wanamaliza mwezi wa mapumziko wakiwa watumwa wa pakiti nzima kwa siku. Kwa maoni yangu hao wamehama nyumba inayovuja wakaingia inayoungua. Kwako ningeshauri uviache vyote pamoja, ila ujue unapambana na nini. Pombe nayo usiifanye mbadala. Jioni ikibaki tupu, chupa huijaza upesi sana.

Maana mambo yote yako jioni, kaka. Mchana utapita. Ikifika ile saa umezoea, umekwisha kula, watoto wamelala, mkono wenyewe utaenda kwenye mfuko wa koti kutafuta kiberiti kabla wewe hujaamua chochote. Mimi wangu ulikuwa ukifika, unapapasa, unatoka mtupu, na baada ya dakika kumi unakwenda tena. Kwa hiyo usibakize chochote ndani: karatasi, kisagio, kile kibati chako chenye harufu. "Ya dharura" usiweke, kwa sababu kila jioni ya wiki ya kwanza ina dharura yake. Saa hiyo toka, tembea mpaka uchoke, uoge, ulale mapema hata kama usingizi haupo. Kijiweni usiende kwanza. Hawatakulazimisha, lakini kukaa katikati ya moshi ukihesabu siku ni kujitesa bure. Na shemeji mwambie mapema. Ukianza kufoka kwa sababu ya kijiko kilichowekwa pasipo mahali pake, ajue hasira hizo zinatoka wapi.

Kuna watu ambao mapumziko hayawafai. Unamkumbuka yule mwenzetu aliyekuwa akitapika kila asubuhi, akakaa bafuni chini ya maji ya moto kwa saa nzima kwa sababu hapo tu ndipo alipopata nafuu? Ugonjwa huo madaktari wa Australia waliueleza mwaka 2004, na huwapata wavutaji wa muda mrefu. Akipumzika anapona, akirudi unarudi. Mtu wa namna hiyo dawa yake ni kuacha moja kwa moja. Vivyo hivyo anayeanza kusikia sauti au kuona kila mtu anamsengenya. Wewe hujaniandikia lolote la aina hiyo. Kama lipo, kamwone daktari, achana na barua yangu.

Umesema "kisha niendelee". Sawa, wewe ni mtu mzima na sheria za huko unazijua, sitakuhubiria. Lakini wiki nne zikiisha, mwili wako utakuwa wa mtu mwingine, na kipimo cha zamani kitakupiga: moyo mbio, hofu, pengine kutapika. Vuta pafu moja, tulia, ngoja. Kama ni ya kula, ngoja hata saa mbili kabla ya kuongeza, kwa sababu inachelewa kupanda na wengi huongeza wakidhani haijafanya kazi. Na gari siku hiyo liache.

Tena amua sasa, ukiwa na akili zako, utarudi kwa kiasi gani. Ukirudi kila siku, vipokezi vitapungua upya na tutaandikiana barua hizihizi mwakani. Mimi nilijiwekea mwisho wa wiki tu, si kila mwisho wa wiki, na kuna vipindi natamani kuvunja. Wapo niliowaona wakimaliza mwezi wakakuta hawataki tena. Wapo waliojaribu na kujaribu wasivuke wiki ya kwanza ingawa walitaka kwa moyo wote. Hao wanahitaji mshauri wa uraibu, na hakuna aibu hapo. Ukijikuta kundi hilo, niambie. Tutamtafuta pamoja.

Chagua tarehe, uniandikie. Isiwe wiki ya kufunga hesabu kazini, wala isiwe "baada ya sikukuu", maana sikukuu haziishi. Na kuhusu tumbaku unijibu waziwazi, unaacha au huachi, ili nijue niipokeeje simu utakayonipigia usiku wa nne.

Ni mimi rafiki yako.