Picha ya bibi ni ya mwaka gani? Usiibandue kwenye fremu

Wateja wanaotuletea picha za zamani hapa Makoroboi, Mwanza, huuliza bei ya kukarabati, kisha huuliza: hii ilipigwa lini? Jibu mara nyingi liko mgongoni mwa picha, na mgongo huo mara nyingi unatufikia ukiwa umechanika.

Hewa ya ziwani ina unyevu. Picha iliyokaa imebanwa na kioo miaka mingi hulainika jelatini yake, yaani utando unaobeba sura, ikaganda kwenye kioo. Ukiivuta, sura inabaki kiooni, mkononi unabaki na karatasi. Tafadhali ilete na fremu yake. Tunaweza kuiskani ikiwa hapohapo. Iliyo kwenye albamu ya gundi, lete albamu nzima.

Muhuri wa studio wenye neno "Tanzania" unamaliza ubishi: jina hilo lilianza Oktoba 1964, picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. "Tanganyika" haifungi mjadala, maana mtu hatupi muhuri wake siku nchi inapobadili jina. Pasipo muhuri, tunazima taa na kuimulika karatasi kwa tochi ya kukagulia noti bandia. Karatasi za picha zilianza kutiwa kemikali ya kung'arisha weupe miaka ya 1950, na zenye kemikali hiyo huwaka kisamawati.

Juzi dada mmoja kutoka Ukerewe alileta picha ya bibi yake, kajifunga kanga, mkono juu ya kiti. Kwao wanaamini ni ya enzi ya Mjerumani, aliyeondolewa Mwanza 1916. Karatasi ikawaka. Ila shavuni palikuwa na mkunjo ambao jicho linauona na kidole hakiuhisi: mkunjo wenyewe ulipigwa picha! Ile ilikuwa nakala ya picha ya zamani zaidi, na umri wa karatasi haukutuambia bibi alikaa lini mbele ya kamera. Tulimwomba aulize kwenye ukoo nani anayo ya kwanza.

Nguo tunazitazama mwisho. Studio nyingi ziliazimisha wateja koti na tai, kwa hiyo koti la babu huenda si la babu.

Tunachokupa ni makadirio, kati ya mwaka huu na huu, yakiandikwa nyuma kwa penseli laini. Kalamu huacha alama hadi upande wa sura. Majina ya waliomo muulize mzee wa nyumbani wiki hii hii, kisha uje. Picha isiyo na fremu wala albamu iwe ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki.