Wauza vitabu vya mtumba wapewe Jumamosi moja

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee watu ambao sisi wapenzi wa vitabu tusio na fedha nyingi tunawategemea sana: wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai zao kando ya barabara pale Posta, Dar es Salaam.

Mwaka 2017 nilinunua kwa mmoja wao riwaya ya Kiingereza iliyochakaa. Jina la mwandishi, Abdulrazak Gurnah, lilikuwa geni kwangu. Nilikiinua kitabu kwa sababu nyuma ya jalada paliandikwa kwamba mwandishi alizaliwa Zanzibar. Muuzaji alitaka 5,000, tukapatana 3,000. Ilikuwa Paradise, iliyotoka mwaka 1994, na nilikesha nayo. Oktoba 2021 Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, ofisini kwetu watu walikuwa wakiulizana huyu ni nani. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakachapa Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Hiyo niliinunua mpya, kwa bei ya dukani.

Nayasema haya kwa kuwa wapo wanaolalamika kwamba kitabu cha mtumba hakimpi mwandishi hata senti. Ni kweli, hakimpi. Lakini mwenye noti mbili za 10,000 akiingia dukani habahatishi. Atachukua kile mwanawe alichoagizwa shuleni, au jina analolijua tayari. Kwa 2,000 utamjaribu hata mtu usiyewahi kumsikia, na akikukolea utamtafuta popote, utajinyima ununue kipya chake.

Kwa waandishi wetu wa zamani wa Kiswahili, turubai ndiyo karibu njia pekee. Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, nilikutana naye nikiwa nimechuchumaa palepale chini. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapwa mwaka 1960. Nakala yangu haina jalada la mbele, uti wake umeshonwa kwa uzi wa gunia, na ndani mna mhuri wa shule na majina ya wanafunzi watatu, kila mmoja kwa wino wake. Nimeulizia vitabu vyake vingine katika maduka manne, nikarudi mikono mitupu.

Kitabu kisichopata mnunuzi huuzwa kwa kilo. Mwezi uliopita nilinunua karanga kituo cha daladala, na ile karatasi iliyosokotwa ilikuwa ukurasa wa 87 wa riwaya: mama anamsihi bintiye asipande meli. Nilirudi kwa muuza karanga kumwomba kilichobaki. Akanitolea kurasa kama thelathini, hazina jina la kitabu wala la mwandishi. Nilizinunua zote, na mpaka leo sijajua kama yule binti aliondoka.

Wauzaji wenyewe hawana uhakika wa kesho. Operesheni ya kuondoa machinga ikipita, wanafunga mizigo na kukimbia; mvua ikinyesha, vitabu vinalowa. Nami mteja nikirudi wiki ijayo kuchukua nilichowekewa, simwoni mtu.

Ombi langu ni hili. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Posta. Wahusika wa maktaba na wa jiji wakae pamoja, wauzaji hawa waruhusiwe kupanga vitabu vyao uani pale kwa ushuru mdogo unaolipika. Wachapishaji nao walete vitabu vilivyolala maghalani wavitoe kwa bei ya kutupa, na wakae pale wasikilize ni majina gani wasomaji wanayaulizia, ili wajue cha kuchapa upya. Hata Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha kuanzia.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam