Mdogo wangu, usiniambie umezoea

Mdogo wangu,

Asalaam aleykum. Wifi kaniambia jambo, na nakuomba usimgombeze. Kasema ukifika nyumbani Lindi jioni, kutoka kazini Mtwara, unazima gari, unabaki ndani. Dakika kumi, mara nyingine ishirini, mikono juu ya usukani, watoto wamesimama kibarazani wanakungoja. Nilipokupigia ukanijibu, "Nimezoea, dada." Neno hilo limeninyima usingizi. Naandika hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako unayelisema.

Lindi hadi Mtwara ni kilomita zaidi ya 100. Kwenda na kurudi kwa siku tano, zinapita 1,000 kila wiki. Dereva wa basi umbali huo ndiyo kazi yake. Wewe ukishaumaliza ndipo unaanza kazi. Na njia yenyewe unaijua. Unatoka saa kumi na moja alfajiri, ukishakata kushoto pale Mnazi Mmoja jua linachomoza usoni mwako, na jioni ukigeuka kurudi, nalo liko mbele yako tena. Umekunja uso, mabega yamepanda hadi masikioni. Msimu wa korosho ukianza mwezi wa 10, malori yanajazana kuelekea bandarini, unakaa nyuma ya moja ukichungulia upenyo wa kupita. Mwili gani unazoea hayo?

Mimi nilikuwa na neno hilohilo, miaka ile niliyoendesha njia hiyo. Siku moja nilitoka nimeshiba wali wa mchana, vioo nimeshusha, redio nimefungulia hadi mwisho. Nikasikia changarawe. Tairi za kushoto zilikuwa nje ya lami, na mkorosho uko mbele yangu, karibu hata nikaona mabibo mekundu yaliyodondoka chini yake. Sikumbuki kufumba macho. Kwa mwendo wa 80, ukisinzia sekunde 3 gari limekwenda zaidi ya mita 60 bila dereva. Upepo na muziki havikunisaidia, wala wewe havitakusaidia. Usingizi dawa yake ni kulala. Ukiona miayo inafuatana, au hukumbuki kijiji ulichokipita sasa hivi, toka kabisa barabarani, mahali penye watu, kunywa kahawa yako, halafu lala dakika 15 au 20. Kahawa huchukua kama nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo itakukuta unaamka. Na zile dawa za mafua zinazoleta usingizi, kabla hujazinywa usiku muulize mfamasia kama asubuhi utaweza kushika usukani.

Kiuno je? Nimekuona unavyoendesha, kiti umekilaza kama kochi, pochi nene mfuko wa nyuma. Itoe hiyo pochi, inakukalisha upande mmoja na kubana mshipa unaoshuka mguuni. Sogeza kiti mpaka ukikanyaga klachi hadi chini, goti libaki limekunjika kidogo. Kunja khanga moja ya wifi uiweke kiunoni, pale penye uwazi. Na maji unywe. Najua unayakwepa ili usisimame njiani, lakini kusimama ndiko ninakokutaka mimi. Shuka Mnazi Mmoja, zunguka gari mara mbili tatu, nyoosha mgongo, uendelee.

Hayo ya mwili ni rahisi. Linaloniumiza ni hilo la kubaki garini. Nadhani njia nzima unagombana na watu wa ofisini kichwani, na wengine wanakupigia kabisa ukiwa kwenye usukani, nawe unapokea. Ukifika kwako huna tena neno la kumpa mtu. Nakuomba simu uizime ukitoka Mtwara. Ukifika Mikindani, ni kama kilomita 10 tu, simama pale barabara inapokaribia maji. Kama bahari imekupwa utaona akina mama wameinama wanaokota chaza, mashua zimelala ubavu kwenye tope. Kaa hapo dakika zako kumi, badala ya kukaa nazo mbele ya watoto. Na ukiona miezi inapita, chakula hakina ladha, usiku unakodoa macho darini, twende hospitali pamoja. Nitakusindikiza mwenyewe na wala sitamwambia mtu.

Kuna na hili, nililikwambia mwaka jana ukakataa. Chumba changu cha uani hapa Shangani, Mtwara, kipo wazi. Lala kwangu Jumanne na Alhamisi. Ulisema baba hulala kwake, na ninaheshimu hilo. Lakini siku hizi watoto wako wanamtazama baba yao kupitia kioo cha gari.

Nimeshaongea na wifi, amekubali. Jumanne hii napika ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Uje na nguo za Jumatano.

Dada yako