Barua kwa Mwanangu Kabla ya Kupanda Ngome ya Salahuddin

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Assalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hatujambo, isipokuwa mamako, ambaye tangu apate habari kwamba wewe na wenzako mtapanda Ngome ya Salahuddin hajaacha kuniuliza kuta za huko zina kimo gani, nami hujifanya sisikii.

Sikukatazi kwenda. Mtu aliyekaa Cairo miaka miwili asijue ila njia ya Azhar na soko la mboga ataona haya akirudi kwao. Ninalokuomba ni moja tu: usikae juu ya ukuta. Simama nyuma yake, tazama utakacho, kisha ushuke kwa miguu yako.

Nendeni asubuhi, maana uwanja wa kutazamia uko upande wa magharibi wa Msikiti wa Muhammad Ali, na saa hizo jua litakuwa mgongoni mwenu. Chini yenu, karibu kabisa, mtauona Msikiti wa Sultan Hassan, ulioanza kujengwa 1356, na ubavuni mwake ule wa Rifai, ambao wageni huudhani wa zama hizohizo ilhali ulikamilika 1912. Mbele kidogo utaujua Msikiti wa Ibn Tulun kwa mnara wake wenye ngazi zinazouzunguka kwa nje, kisha nyumba juu ya nyumba, zote rangi ya vumbi, na siku upepo ukiwa umesafisha anga utaziona piramidi za Giza ng'ambo ya mto. Juu ya ngome yetu hapa, iliyokamilika 1821, mtu huona paa za makuti, punda na bahari, akawa amemaliza. Huko macho hayamalizi, na mtu ambaye macho yake hayajamaliza husogea hatua moja zaidi. Hatua hiyo ndiyo niiogopayo. Sisi hatukuzoea vilima ila michanga ya Shela, ambako mtoto akianguka hubingirika mpaka chini akainuka akicheka. Mwamba wa Muqattam, ulioibeba ngome hiyo, si mchanga.

Watawahadithia pia kisa cha mwaka 1811, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipowaalika karamuni Mamluki, askari waliokuwa na nguvu nchini kabla yake, kisha akawafungia katika njia nyembamba ya kuteremkia lango la Azab, wakauawa. Waongozaji husema mmoja aliruka ukutani na farasi wake akaokoka. Wanaopenda historia hawakiamini kisa hicho, nawe usikiamini. Na hata kingekuwa kweli, aliyekufa alikuwa farasi. Mkifika kwenye Kisima cha Yusuf, kilichochimbwa mwambani kina cha karibu mita 90, usije ukawaambia nduguzo kuwa ni cha Nabii Yusuf. Hilo ndilo jina lake Salahuddin mwenyewe. Na mdomo wa kisima nao ni ukuta, kwa hiyo maneno yangu ni yaleyale.

Najua utakalolijibu: utaniuliza kuhusu picha yangu iliyo ukumbini, nimeketi juu ya ukuta. Nimeishusha jana, na mamako alidhani naipangusa. Laiti ungeitazama kwa karibu, kwenye pembe ya kushoto ungeona vidole vinne vya mwenzangu vikiwa vimenishika shati kwa nyuma. Nyinyi siku zote mmedhani ni kunjo la nguo. Na kwa kuwa sasa wewe ni mtu mzima, siku ile haikuwa ya mapumziko kama nilivyokuwa nikiwahadithia. Darasa lilikuwapo.

Matokeo yako nimeyapokea. Ya fikihi nilimwonyesha mwalimu wako wa madrasa, akayasoma mara mbili huku akinikodolea macho kana kwamba nimeyaandika mimi. Ya nahau sikumwonyesha.

Nyumbani, ukingo wa dari upande wa uchochoroni umelegea. Fundi alikuja Jumanne, akaugonga kwa ncha ya mwiko, chokaa ikamwagika kama unga, na mawe mawili ya juu yakabaki yamekaa kwa hisani yake Mola. Fedha za kazi hiyo ndizo zilizokwenda kwenye tiketi yako. Sikusimangi, nakueleza tu kwa nini ukingo umekaa hivyo muda wote huu. Mdogo wako hupenda kuketi papo hapo jioni na simu yake, na nilipomkemea aliniuliza mbona wewe na mimi tulikuwa tukiketi hapo. Nimeweka mapipa mawili ya maji mbele ya ukingo mpaka fundi atakaporudi. Boriti za chumba chako ni nzima, mchwa hawajazifikia, ila mamako ameanza kuanika nguo humo.

Achari ya maembe utaletewa na kijana wa jirani anayesafiri mwezi ujao, mrudishie chupa.

Mkishuka, nitumie picha moja. Isiwe ya uso peke yake: nataka niione miguu yako na ardhi uliyoikanyaga.

Wasalaam,
Babako