Paka Wako Hajawa Mkorofi

Zuhura mpenzi,

Barua yako nimeipata. Nilicheka uliposema paka wako amezeeka na ukorofi umemwingia, lakini kicheko kilikatika nilipofika pale unaposema siku hizi halali tena dirishani, analala sakafuni. Huo si ukorofi, shoga yangu. Paka anayeacha kuruka, akang'ata anaposhikwa kiunoni, mara nyingi viungo vinamuuma.

Tatizo ni kwamba paka halii akiumwa. Ng'ombe atasaga meno. Farasi mwenye msokoto wa tumbo atageuka kuutazama ubavu wake huku akiparapara chini kwa kwato, na mbwa atabonyea kifua hadi chini akaacha makalio juu. Paka yeye hunyamaza tu akajificha. Ndiyo maana sisi tunaowatibu huuliza kwanza ameacha kufanya nini. Mpapase mgongo karibu na mkia: manyoya yakiwa yameshikana mabunda, basi kujipinda ili ajilambe kunamshinda. Wala usidanganyike akiunguruma mapajani mwako, maana paka huunguruma hata akiwa na maumivu.

Kuna na uso. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walichapisha kipimo cha maumivu kinachosoma uso wa paka, nami nakipenda kwa kuwa hata wewe unaweza kukitumia. Mtazame akiwa macho na ametulia, si wakati anakula au anajilamba. Masikio yamelala pembeni na kuachana? Macho ameyafinya? Mdomo umekaza, sharubu zimenyooka na kusimama mbele, kichwa kimeshuka chini ya mabega? Kila kimoja kati ya hivyo vitano kinapewa 0, 1 au 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu.

Mrekodi kwa simu akitembea na akijaribu kupanda kiti, umpelekee daktari video hiyo. Ukimfikisha pale mezani atakakamaa kwa woga, na kuchechemea kote kutapotea. Daktari gani atajua kitu hapo?

Hiyo parasetamoli uliyotaka kumkatia kipande, iweke mbali kabisa. Ini la paka haliwezi kuivunja kama letu, na hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Zipo dawa zake, daktari atampimia kwa uzito.

Halafu, kwa kuwa ni dume: ukimwona amechuchumaa kwenye mchanga wake, anakamua na mkojo hautoki, usinipigie mimi wala usingoje kukuche. Huyo mkojo umeziba. Mchukue usiku huohuo.

Nipe habari zake ukishaonana na daktari.

Wako,
Mwanaidi